Mugeni Si Mgeni

Mugeni ni Msamia wa Busia aliyeolewa Mulanda miaka ishirini na sita iliyopita, na sokoni hakuna asiyemjua. Anauza dagaa, ana mdomo, na akishakupimia kopo lako usijisumbue kuomba nyongeza. Lugha ya wakwe zake, Dhopadhola, anaisema kuwashinda baadhi ya waliozaliwa nayo.

Februari mumewe, Opendi, alifariki. Kaburi halijakauka vizuri, shemeji yake Othieno akaanza kuitolea macho nyumba ya marehemu. Aliitisha kikao cha ukoo na kumwalika mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti ni Mteso, wa kabila jirani, Dhopadhola haijui, basi siku hiyo wote wakalazimika kuongea Kiswahili, na Othieno akaona hapo hapo amepata silaha.

"Mzee, sikia tu jina yake," alisema. "Mugeni. Si ni mgeni huyo! Mgeni nakuja, nakula, nakwenda kwao. Sasa mwenye alimuleta amekufa."

Watu wakatazamana. Nyumba ile Mugeni aliikandika kwa mikono yake, na kule Busia hakubaki mtu wa kumpokea. Lakini hasira iliyawahi machozi, na afadhali, maana machozi Othieno angeyafurahia.

"Shemeji, wewe unaitwa Othieno kwa sababu ulizaliwa usiku," alisema. "Mbona mchana huu tunakuona?"

Kicheko kilipasuka. Hata mwenyekiti alijiziba mdomo kwa kofia.

"Kwetu Usamia, mtoto akizaliwa wakati wageni wako nyumbani, naitwa Mugeni," aliendelea. "Siku hiyo mimi nilikuwa kwetu. Mgeni alikuwa baba yenu! Alikuja kutafuta ng'ombe, mvua ikamufunga siku mbili. Mama ananizaa, yeye anakunywa uji wetu."

Othieno akamgeukia dada yake mkubwa, Apendi, akitaraji atakana.

"Ni ukweli," Apendi alisema. "Baba alikuwa nasema hivyo mpaka anakufa. Ndiyo maana alituma Opendi akaoe kule."

Mwenyekiti alivuta karatasi, akaandika tarehe, na pale palipotakiwa jina la mwenye nyumba akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: MUGENI.