Wayoga Si Waoga

Herufi moja iliua kijiji kizima mikononi mwangu, na mimi ni mwalimu. Ilikuwa Jumamosi mchana hapa Bariadi, katika chumba cha mshonaji jirani yangu, tukiwa wanne tumeizunguka meza yake ya kukatia vitambaa.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana watu wengi wakisikia mchezo wa mezani hufikiria bao au drafti. Huu hauna kufungana. Mtu mmoja, msimuliaji, anaeleza mahali na viumbe waliopo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: askari, mganga, mwizi, yeyote. Msimuliaji anasema, "Mbele yenu kuna mto umefurika, mnafanyaje?" Wachezaji wanajibu kwa niaba ya wahusika wao, na jambo likiwa la kubahatisha wanarusha dadu. Ni hadithi inayosimuliwa na watu wanne kwa pamoja, wala hakuna anayejua itaishia wapi. Kama unaweza kusimulia ulivyoachwa na basi la asubuhi, mchezo huu unauweza.

Aliyetuletea ni fundi umeme wa kiwanda cha kuchambua pamba. Alinunua kitabu chake Arusha, Kiingereza kitupu, na kwa miezi kadhaa yeye ndiye alikuwa msimuliaji. Anasoma ukurasa mzima kwa Kiingereza, kisha anatufafanulia kwa maneno matano. Mimi nilimfuata. Mfanyabiashara wa mchele, anayekuja kutoka Binza kule Maswa, alimfuata nusu na nusu nyingine akajitungia. Mshonaji, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, alisubiri kuambiwa.

"Nirushe?" anauliza. Anarusha. "Nimepata? Haya, sawa."

Huyo ni mwanamke ambaye akikupima suruali anakupa habari za ukoo wako mpaka babu wa tatu. Mezani kwake mwenyewe alikuwa bubu. Siku moja, wenzetu walipokwisha kutoka, aliniambia akikunja kitambaa, "Ticha, chumba nitawaachia mcheze. Mimi niwe naendelea na cherehani yangu."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Nikamwomba fundi aniachie nisimulie hadithi moja kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Akacheka.

"Kiswahili cha kuamrishia mazimwi? Watu watavunjika mbavu, Ticha. Nakupa Jumamosi mbili. Zikishindikana, tunarudi kwenye kitabu."

Hadithi yangu ilikuwa rahisi. Kuna kijiji ambacho kisima chake kimekauka. Chini ya kilima kuna pango, na ndani ya pango wanaishi watu wa uyoga: wafupi, vichwa vyao vipana kama ungo, wanakula majani yaliyooza na miti iliyoanguka, hawaui kiumbe. Wao peke yao ndio wanaojua maji yamekwenda wapi. Niliwapenda kabla hawajazaliwa. Nilikulia kwenye udongo wa vichuguu, na mvua za kwanza zikinyesha uyoga ulikuwa unatokea kimya kimya, pale ambapo jana hapakuwa na kitu.

Jina nililipata kwa sarufi. Watu huchukua wa-. Wakulima, wafugaji, Wasukuma. Basi, uyoga ukiwa mtu, wengi wao ni Wayoga. Nilijiona nimemaliza kazi.

"Gizani mbele yenu," nikasimulia, "wanatokea Wayoga."

"Waoga?" akauliza mfanyabiashara. "Wanaogopa nini?"

"Wayoga. Kuna ye hapo katikati."

"Ndiyo, nimesikia. Waoga."

Fundi alikuwa keshashika dadu. "Waoga wana mali?"

"Hawana mali. Ni watu wa amani, wamesimama tu wanawatazama."

"Wamesimama kwa woga," akasema fundi. "Nawasha mwenge."

Mshonaji alisema kitu kama "tungewauliza kwanza," lakini kwa sauti ya chini, na dadu lilikuwa tayari linaviringika. Katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kijiji chote cha Wayoga wangu mle pangoni kilikuwa majivu. Mfanyabiashara aliwaomboleza kwa kelele, "Jamani waoga wetu!" wakacheka wote wawili. Mshonaji aliondoka kwenda kupasha pasi.

Nikatangaza kwamba Jumamosi inayofuata tutaanza upya, mlangoni mwa pango, kana kwamba moto haukuwaka. Fundi alinipigapiga begani. "Umebakiza moja, Ticha."

Wiki nzima nilitafuta jina. Nilijaribu Wakuvu, nikaenda nalo kwa mshonaji kabla ya kipindi cha kwanza. Akakunja pua. "Kuvu si ile inayoota kwenye nguo zikikaa sandukuni masika? Hao nitawaanika juani." Nikajaribu Wanauyoga, nikampigia simu mfanyabiashara. Akauliza kama kikundi chao kimesajiliwa na kama halmashauri imeshawapa mkopo. Watu wa Uyoga lilikuwa refu, tena lilisikika kama akina mama wanaouza uyoga sokoni kwa mafungu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wanafunzi wangu nawafundisha kila mwaka bila kulielewa sawasawa mimi mwenyewe. Jina la kitu linakuambia ni kitu gani. Jina la watu linafanya zaidi: linakuambia uwatendee nini. Ukiitwa mwoga, ngumi imeshakaribishwa.

Siku ya Alhamisi niliazima pikipiki kwenda Ipililo kwa shughuli za familia. Njiani nikakuta kundi la ng'ombe limejaa barabara yote, na mchungaji wake, mtu mzima wa rika langu, hana haraka hata kidogo. Nilikuwa nimechelewa. Nilishafungua mdomo nimseme, naye akaniwahi: "Mwadila." Hiyo ndiyo salamu ya mchana kwetu Wasukuma, na ukishaamkiwa, huna la kufanya ila kuitikia. Nikaitikia. Akauliza nyumbani. Nikajibu, nikauliza kwake. Akauliza mvua ya upande wetu, nikauliza ya upande wao. Tukaenda hivyo mpaka afya ya ng'ombe na ya wakwe. Tulipomaliza, ng'ombe wa mwisho alikuwa amevuka, na ile hasira sikuiona tena. Nilipofika mbali ndipo nilipokumbuka kwamba hatukuulizana majina.

Jumamosi ikafika, na mimi sikuwa na jina.

Mshonaji alichora pango mezani kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa. Alichora vizuri, lakini alikaa mbali, karibu na cherehani, kama mtu anayesubiri gari. Nikasimulia mlango wa pango, ubaridi, harufu ya majani yaliyolowa. Nikasema kuna vichwa vipana vinatokea gizani.

"Kabla hujamaliza," akasema fundi, "nachomoa upanga."

"Sawa, umechomoa. Aliye mkubwa wao anasimama mbele yako. Anainamisha kichwa. Anasema, 'Mwadila.'"

Fundi alikuwa na dadu kiganjani. Akanitazama. Nilimwona akipigana na mdomo wake, na mdomo ukashinda.

"Mwadila," akaitikia.

"'Mhola?'" nikauliza kwa sauti ile ile ya taratibu. Ni kuuliza kama kuna amani.

"Mhola duhu." Amani tupu.

"'Na nyumbani mlikotoka?'"

"Nyumbani mhola."

"'Ng'ombe hawajambo?'"

"Hawajambo. Mmoja tu alivunjika mguu, ila..."

Mfanyabiashara aliangua kicheko. "Fundi! Askari wako ana ng'ombe tangu lini?"

"Nyamaza wewe, naamkiwa!"

Alisema kwa ukali wa kweli. Upanga wake wa kufikirika ulikuwa bado mkononi, na nadhani sote tuliuona kwa wakati mmoja, kwa sababu yeye mwenyewe alisema haraka, "Nimeurudisha. Ticha, andika kwamba nimeurudisha. Mtu hawezi kuitikia salamu na panga mkononi."

Ndipo mshonaji alipovuta kiti.

"Mbona hamwulizi na yeye?" akatuuliza, kana kwamba ametukuta tumemwacha mgeni juani. "Mnajibu tu, mnajibu tu. Ticha, mimi namwuliza. Mwadila, baba. Kwenu mhola?"

"'Mhola, mayu,'" nikajibu, nikimwita mama kwa heshima ya kwetu. "'Ila si sana.'"

"Si sana kwa nini?"

"'Huko juu wanakata miti yote. Hakianguki kitu cha kutulisha.'"

"Watoto wako wangapi? Wanakula nini sasa?"

Maswali hayo sikuwa nimeyaandaa. Nilianza kujibu papo hapo, yeye akiuliza, mimi nikikimbia nyuma yake. Akataka kujua wakifa wanazikwa wapi. Nikasema hawazikwi, wanalala chini na wengine wanaota juu yao. Akatafakari, akasema, "Basi hawajawahi kufiwa." Kwenye kitabu cha fundi hakuna sentensi nzuri kama hiyo. Kisha akashusha bei ya makubaliano kama anayeuza gauni: kijiji kitawaachia msitu wa upande mmoja wa kilima, na magogo yaliyooza yatakuwa yao daima, nao watafungua njia ya maji.

"Rusha dadu," nikamwambia, "tuone kama wanakubali."

Hakuuliza kama arushe. Alirusha. Dadu la pande ishirini lilizunguka juu ya chaki na kusimama kwenye ishirini. Mfanyabiashara alipiga meza, sindano zikaruka. Maji yakashuka kwenye kisima cha watu wasiokuwepo, na sisi wanne tulipiga makofi kama tumechimba wenyewe.

"Sasa hawa tuwaite nani?" akauliza mfanyabiashara akifuta macho. "Waoga siwezi tena."

Nikakiri. "Sijui. Nimetafuta wiki nzima."

"Hujui nini?" Fundi alinishangaa. "Si wamesema wenyewe? Hawa ni Banamhola."

Kwa msomaji asiye wa huku: wazee wetu wanaoheshimiwa tunawaita banamhala. Mhola ndiyo ile amani ya kwenye salamu. Fundi alibadilisha irabu moja tu, na katika neno lake yakaingia yote mawili, amani na heshima, na hakuna mtu aliyelelewa kwetu angeweza kulitamka huku akiwasha mwenge. Nilimwambia ni jina zuri kuliko yote niliyowahi kusikia katika mchezo ule. Akainua mabega. "Si jina. Ndivyo walivyo." Mara akaanza kumsahihisha mshonaji, aliyekuwa akiliandika kwenye ramani. "Weka na he hapo, usiwakate." Mshonaji akamjibu kwamba yeye ndiye aliyezungumza nao, anajua wanavyojiandika.

Wakati huo akaingia mteja, mama mmoja aliyefuata gauni lake la harusi ya Nyalikungu. Mshonaji hakuinua hata kichwa.

"Kaa kidogo, mayu. Bado hatujaagana."

"Na nani?" mama yule akauliza, akitazama meza isiyo na mgeni.

Mimi nilifungua mdomo nieleze, kama kawaida yangu, kuanzia dadu. Fundi akaniwahi.

"Na Banamhola," akasema, kama anayetaja majirani wa mtaa wa pili.

Mama akatikisa kichwa, akajikalisha kwenye benchi na kuweka mkoba mapajani.

"Aa, haya," akasema. "Wasalimieni."