Kaseti Iliyoanza kwa Kimya

Bado nina hasira na yule mrekodi kaseti wa sokoni Songea, na sioni sababu ya kuipunguza.

Kaseti haikuwa yangu. Aliniazima bruda mmoja mzee wa monasteri ya Hanga, mpiga kinanda wa kanisani kwao, naye hakuwa na nyingine. Ilikuwa na muziki wa fidla na okestra, uliotungwa katika karne ya ishirini. Unaanza chini mno; nyuzi zinatetemeka hata hujui kama umeshawasha redio. Kisha fidla inaingia peke yake, bila haraka, kama mtu anayejieleza mbele ya wazee wasiomwamini. Katikati inakasirika, inakwaruza, inakataa kubembelezwa. Nilikuwa naisikiliza kila nikirudi kutoka shuleni.

Jirani yangu wa Mjimwema alichungulia dirishani. "Mwalimu, redio yako inatafuna mkanda."

"Hiyo ni fidla."

"Basi ipeleke hospitali."

Nilitaka nakala kabla ya kuirudisha. Soko huria lilikuwa limeingia na vibanda vya kurekodi vilikuwa vimejaa sokoni. Unapeleka kaseti tupu. Usipotaja nyimbo, mrekodi anakuchagulia. Nikapeleka mbili, ya bruda na mpya, nikaeleza ipi inakiliwe kwenye ipi. Mrekodi aliitikia kwa kichwa, spika zake zikitikisa bati.

Jioni alinikabidhi zote mbili. "Nimekujazia muziki wa bolingo pande zote, mwalimu. Zilikuwa tupu."

"Hii haikuwa tupu."

"Nimeijaribu mwanzoni, kimya. Sasa nani anarekodi kimya?"

"Ungezima hizo spika ungesikia."

"Nikizima, wateja watajuaje kama nipo?"

Waliokuwa kibandani wakacheka. Mmoja akasema, "Shukuru, mwalimu, umepewa nyongeza."

Jumapili nilikwenda Hanga. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi, na bruda alipoitikia shikamoo yangu niliyasema yote kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaigeuzageuza kaseti mkononi.

"Mimi nimeisikiliza miaka mingi, naijua yote," alisema. "Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Pole sana, mwanangu."

Heri angenigombeza. Nilikuwa nimekwenda kumwonea huruma yeye, naye akanionyesha kwamba aliyeporwa ni mimi. Nilirudi Songea nimekunja uso, na dereva wa basi alipofungulia bolingo nilimwambia azime. Hakuzima.