Kisu cha Minofu na Kengele ya Mbuzi

Iko siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na swali lako la leo limeirudisha. Umeniuliza umnunulie baba yako kisu gani cha minofu, kwa kuwa ukame umemaliza mbuzi wake na sasa anavua kwa mshipi kule ziwani. Umeniuliza mimi kwa sababu nimepasua samaki hapa Lodwar mpaka vidole vimepinda. Nitakujibu, lakini kwa njia ndefu. Ukiwa na haraka, bodaboda ziko nje.

Nilikuwa msichana, mpishi katika hoteli moja ndogo Kakuma. Baba yangu alikuwa mfugaji, na watu walimwita kwa jina la dume lake la ng'ombe alilolipenda, kama ilivyo desturi yetu. Ukame ukaja. Dume likafa, mbuzi wakafuata, na baba akashuka Kalokol, kando ya ziwa, kuvua kwa ndoana. Unajua mtu aliyezaliwa zizini anavyomtazama mla samaki kwa dharau. Baba alisema amekuja kwa muda tu. Kila jioni, mama alinieleza, aliwapanga samaki wake akiwahesabu kuwa bei ya mbuzi atakayemnunua: hawa mguu wa mbele, hawa shingo, kesho tutapata mgongo. Hata kuwapasua aliwapasua kwa kisu kinene cha kuchinjia, akiwararua vibaya, na wanunuzi wakampunja.

Nikaona nimsaidie. Sokoni Kakuma palikuwa na mama Mkongo, muuza samaki, aliyekulia kando ya ziwa la kwao. Nikamwonyesha kisu nilichokichagua, kinang'aa kweli kweli. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mutoto wangu, hii ni kisu ya nyama. Ya samaki inapinda, kisha inarudia."

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Akanifundisha kutafuta bapa jembamba, lenye ncha ya kupita kando ya mifupa, la chuma kisichoshika kutu upesi, maana maji ya ziwa letu yana magadi. Mpini usiteleze mkono ukilowa. Ala nayo usiisahau, usije ukamkata anayekipokea. Kuhusu kisu, mwanangu, jibu lako ndilo hilo, sina la kuongeza.

Nilimkuta baba ufukweni, ameketi mchangani na mshipi wake. "Ejok," nikamsalimu, nikampa. Akakichomoa, akakipinda kidogo, kikarudi. Akamvuta samaki mmoja, na mnofu ukatoka mzima, bila mfupa. Nilifurahi mno! Kisha akakifuta polepole, akanitazama.

"Kisu kizuri," akasema. "Kumbe hata wewe umeona mbuzi hawarudi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Mama aliponisindikiza barabarani alinikemea, si kwa ukali.

"Kisu umeleta, na kengele je? Ungeweka kengele moja ya mbuzi kando yake, baba yako angejua bado unamngojea arudi zizini."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama alikuwa amekilalia.

Nilipopata ruhusa tena kazini, nilinunua kengele hapa Lodwar nikashuka nayo. Nilimkuta baba amezungukwa na wateja, wanamsifu kwa minofu safi. Vijana wa pale walimwita Mzee Minofu, na jina la dume lake hakuna aliyelijua. Mama akaninong'oneza kwamba jioni hapangi tena mbuzi, anakula na kulala. Nikampa kengele. Akaitikisa mara moja, akasikiliza, akanirudishia mkononi.

"Mpe mwenye mbuzi," akasema.

Alifia kule kule, tukamzika mchangani, mbali na zizi lake. Kisu chake kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki chembamba. Kilimlisha, sikatai, na kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kununua. Ndiyo maana kinaniuma. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu sasa ni mtu mzima.

Basi sikia. Mtu aliyenyang'anywa maisha aliyoyapenda usimpe tu chombo cha maisha yaliyompata, hata kiwe kikali namna gani. Mpe pia kitu cha kule anakotamani kurudi, japo wewe mwenyewe njia ya kurudi huioni. Na uvitoe pamoja, siku moja, kwa mkono mmoja. Kuchelewa kwangu ndiko kulikoniponza.

Kisu kanunue mwenyewe. Kipinde mbele ya muuzaji. Akinuna, na anune. Kengele usinunue. Hii hapa, imekaa nami miaka yote hii bila shingo ya kuivaa. Mpelekee baba yako. Akiitikisa, usiseme neno, mwache asikilize mpaka atosheke.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, awanyeshee mvua ya kuotesha majani, ziwa limlishe baba yako bila kumfanya abaki huko, na kengele ya baba yangu isikike siku moja ikirudi zizini jioni.