Bi Mdogo na Neno Kuvuna

Mke mwenzangu ni dobi wa hospitali, na mtu asidhani naandika habari zake kwa sababu nampenda. Aliingia nyumbani kwangu mwaka wa kumi na tisa wa ndoa yangu, na sanduku moja na mabeseni mawili. Mume wetu hakuniuliza. Aliniambia tu nihamie chumba cha uani, kile ambacho mlango wake haufungiki.

Ila kazi yake anaijua. Shuka za hospitali huziloweka alfajiri, zenye damu peke yake kwenye maji baridi, kisha anasugua, anasuuza mara mbili, na ya tatu anatia bluu ya kufulia. Akizianika, macho yanauma kwa weupe. Kwa miaka saba nilikuwa simwambii neno zaidi ya "sogeza kamba yako."

Mwaka jana kijito tunachoteka maji kikaanza kuleta tope. Kule juu penye chemchemi watu walikuwa wakiangusha miti ya asili kwa kujificha. Shuka zikawa zinatoka rangi ya chai ya maziwa. Bi mdogo akasuuza mara tano, vidole vikamchubuka. Muuguzi mkuu akamwambia kwa upole kwamba hali isipobadilika, kazi itapewa mtu mwingine. Siku hiyo alikaa kizingitini, hakupika. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi mpaka nilipokwenda kuteka maji yangu mwenyewe, nikaona tope lililotuama ndani ya ndoo.

Ndipo halmashauri ikaita watu ukumbini. Kampuni moja ya mbao ilikuwa imeomba kibali cha kukata msitu wote wa juu. Mume wetu ni mpasua mbao, alishaahidiwa usimamizi. Akatuagiza sote wawili tukanyooshe mikono kuunga mkono.

Mtu wa kampuni aliongea vizuri, na suti ilimkaa. Kila alipofungua kinywa ilikuwa kuvuna: tutavuna kwa mpango, tutavuna kitaalamu. Diwani mmoja akasema ajira, mwingine akasema maji, wakazozana mpaka mwenyekiti akagonga meza. Bi mdogo akasimama.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi ni dobi tu. Huyu baba anasema kuvuna. Nauliza, walipanda lini?"

Watu wakamcheka. Mtu wa kampuni akatabasamu, akamweleza kwamba hilo ni neno la kitaalamu.

"Sawa, la kitaalamu. Lakini alipanda nani?"

Hasira ikanipanda. Yeye wa kuuliza habari za kuvuna! Yule mume wetu nilimkuta na shati moja, nikamlima, nikampalilia, bibi huyu akaja na kikapu. Nikasimama nimuumbue mbele za watu. Mwenyekiti akadhani nataka kuchangia, akaniruhusu. Nikamtazama bi mdogo. Vidole vilivyochubuka vilikuwa vimeshika kiti cha mbele, na mume wetu alikuwa akimpungia mkono akae chini, kama alivyozoea kunipungia mimi.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi ni bi mkubwa wake. Watu wanaovuna wasichopanda nawajua vizuri, na huyu anajua kwamba nawajua."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi mdogo akainamisha kichwa. Nikangoja wanyamaze.

"Lakini alichouliza ni cha kweli. Mjibuni."

Mtu wa kampuni akapekua makaratasi yake. Aliyejibu ni bwana misitu wa halmashauri: iliyopandwa ni misonobari ya mteremko wa chini, ile ya juu hakuna aliyeipanda. Yule diwani aliyesema maji akadaka hapo hapo, akataka kibali kiandikwe hivyo, wavune misonobari, na msitu wa chemchemi uwekewe walinzi. Mikono ikanyooshwa. Wa bi mdogo ulikuwa juu, wangu karibu yake, tukashinda kwa tofauti ya kura nne. Mkono wa mume wetu ulibaki mfukoni. Sasa anapasua misonobari na kulalamika kwamba utomvu unamganda mikononi.

Maji hayajarudi kama zamani, lakini wiki hii shuka zimetakata kwa kusuuzwa mara tatu, na kazi bado ni yake. Sisi wawili tumewekwa kwenye kamati ya chanzo cha maji, na Jumatano tunapanda mlimani kupaka rangi miti ya mpakani mwa msitu wa chemchemi. Ameniuliza, "Dada, nikubebee kopo la rangi?" Nimemwambia abebe, ila mbele nitatangulia mimi.