Daftari Nililoliweka Juu ya Kabati

Kompyuta ya Baba ilipozimika mara ya kwanza, nilimwambia kwenye simu aizime kabisa kisha aiwashe. Ndivyo tunavyosema sote tuliosomea kompyuta tukiwa hatutaki kusumbuliwa. Kufikia Ijumaa ilikuwa imezimika mara tano zaidi. Kila mara skrini iligeuka buluu, yakatokea maandishi meupe, halafu mashine ikajiwasha upya kana kwamba haikutenda lolote.

Mimi nafundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Mwatate. Baba anakaa Kaloleni, Voi, katika nyumba aliyoihamia alipostaafu reli. Alikuja kutoka magharibi akiwa kijana, akapata kazi stesheni, akamwoa msichana wa Bura ambaye ndiye mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Ninachokumbuka juu yake ni leso ya rangi ya machungwa, na mikono iliyonukia majani ya kunde. Basi.

Miezi michache kabla ya kompyuta kuanza kuzimika, daktari alimwambia Baba kwamba presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto na imeanza la kulia. Hapo ndipo aliponiomba kompyuta. Kalamu ya kawaida ilikuwa imemshinda, lakini kwenye skrini aliweza kuzikuza herufi hadi akaziona. Alikuwa anaandika habari za mama kabla macho hayajafunga, ili nizisome mimi na wanangu. Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na moja.

"Utasoma nikimaliza," aliniambia. "Sitaki mwalimu wa kunisahihisha katikati."

Jumamosi asubuhi nikafika kwake na kiherehere changu. Mimi nikishika kazi situlii. Natingisha mguu, nafungua vitu kumi kwa pamoja, nabishana na mashine. Wanafunzi wangu wanajua kunipisha. Kabla sijakaa, Baba akaninyooshea daftari kubwa la jalada gumu.

"Mwalimu, nimekuandikia hapa. Kila ikizima, niliandika."

Nililijua daftari hilo hata kabla ya kulifungua. Stesheni walikuwa na rejista: treni ikiingia inaandikwa, ikitoka inaandikwa, saa na dakika, na aliyeruhusu njia. Baba alirudi na tabia hiyo nyumbani. Hata homa zetu za utotoni aliziandika, kwa saa.

"Baba, hii si treni."

"Soma kwanza."

"Nitasoma. Hii ni virusi tu. Nani amechomeka flashi hapa?"

Akafikiri kidogo. "Jirani alileta nyimbo za kwaya."

"Si unaona!"

Daftari nikaliweka juu ya kabati. Nikaikagua mashine, nikakuta virusi viwili, vimetoka kwenye hizo hizo nyimbo za kwaya, na kichwa kikanivimba kwa kuwa sahihi. Nikaamua kufuta diski yote na kuweka Windows mpya. Ni kazi ninayoweza kuifanya nimefumba macho, na kweli siku ile nilikuwa nimefumba. Nikanakili folda ya Documents kwenye flashi yangu bila kuifungua nione kilichomo.

Baba alikuwa mlangoni na redio yake. "Zile karatasi zangu ziko salama?"

"Ziko, Baba."

Nikafuta.

Kufikia saa nane mchana mashine ilikuwa safi. Nikachomeka modemu yake ya intaneti, ile ndogo ya kuchomeka ubavuni, ikajisakinisha yenyewe. Nikaenda jikoni kuweka chai. Niliporudi skrini ilikuwa buluu.

Nilisimama pale na kikombe mkononi, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Virusi vilikuwa vimekwisha. Hapakuwa na kitu ndani ya mashine ile ila nilichokiweka mimi. Ndipo nikalishusha daftari.

Alikuwa ameandika kwa kalamu nene ya rangi, herufi kubwa, mistari minne tu kwa ukurasa. *Saa 4.12. Modemu imechomekwa. Saa 4.20. Imezima.* Ukurasa uliofuata: *Saa 9.05. Modemu imechomekwa. Saa 9.14. Imezima.* Siku moja aliandika tangu asubuhi hadi jioni bila modemu, na hapo akaweka: *Haikuzima.* Ugonjwa wote ulikuwa umeandikwa na mtu asiyejua draiva ni nini. Draiva ni programu ndogo inayofanya kompyuta ielewane na kifaa ulichochomeka, na ya modemu ile ilikuwa ya zamani mno. Nikashusha mpya kwa simu yangu. Ilichukua dakika tano, na haikuzima tena.

"Sasa nifungulie maandishi yangu," akasema Baba.

Nikafungua flashi. Ndani mlikuwa na ratiba ya kanisa na picha mbili za mbuzi.

"Baba, uliyaweka wapi?"

"Kwa folda ya stesheni. Nilitengeneza mwenyewe, kwa diski. Imeandikwa kwa kitabu, mbele kabisa."

Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuruka nikitafuta saa. *Kazi yote iko folda STESHENI, diski C. Fundi aangalie.*

Wiki mbili nzima nilijaribu kila programu ya kufufua faili. Nilipata vipande vya sentensi, herufi zilizovurugika, hakuna ukurasa. Nililia ofisini, mlango umefungwa. Baba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Lakini nilifungua daftari siku moja alipokuwa amelala, nikaona amejaza ile Jumamosi kama alivyojaza siku nyingine: *Saa 6.10. Fundi amefuta diski. Hakuuliza.*

Hakuandika *mwanangu*.

Siku hizi hasomi tena, hata herufi ziwe kubwa namna gani. Kila Jumamosi yeye anasema, mimi naandika, na ninahifadhi mahali patatu. Juzi tulifika siku alipokutana na mama sokoni Mwatate, mvua imewakusanya chini ya kibanda kimoja.

"Akanigeukia," Baba akasema, "akaniambia..."

Nikangoja, vidole juu ya vitufe. Mguu wangu ulikuwa umetulia.

"Kuna maneno alisema hapo. Nilikuwa nimeyaandika." Akapapasa ukingo wa meza. "Yamenitoka. Endelea tu, mwalimu."

Nimeacha mstari mtupu pale.