Sauti ya Msumarini

Ukiingia katika duka lile la dobi, kitu cha kwanza kinachokupokea ni mvuke, cha pili harufu ya sabuni, na cha tatu, siku hizi, ni ukimya. Zamani ukimya haukuwa na pa kukaa humo. Mke wa Dobi alikuwapo.

Meza ni mbili. Ile pana, iliyotandikwa blanketi na shuka lililoungua pembeni, ni ya Dobi na pasi yake. Ile ndogo, karibu na dirisha, ilikuwa ya mkewe, na mpaka leo ina mto wa sindano, kopo la vifungo na kiti chenye mguu mmoja uliolegea. Ukutani juu yake kuna msumari, na kwenye msumari inaning'inia simu ya zamani iliyofungwa utepe.

Mama yule hakupenda kuandika. Alisema kalamu humchelewesha mdomo. Mteja akileta mzigo, alifungua programu ya kunasa sauti, akaisogelea simu kama anayemnong'oneza jirani: "Suruali ya mwalimu, ya kijivu, zipu imechoka kuliko mwalimu mwenyewe." Au: "Gauni la bibi harusi wa mwaka jana. Sasa anataka lipanuliwe kiunoni, Mungu ni mwema." Jioni, wakati wa kukunja, walisikiliza pamoja na kupanga nguo, Dobi akicheka mpaka akohoe. Aliwahi kumwambia afute zile za zamani.

"Nifute?" mkewe akamjibu. "Siku mtu akija kudai kifungo chake cha mwaka juzi, utasimama wewe?"

Hazikufutwa. Kisha maradhi yakaja bila kubisha hodi, na Mwenye mali akachukua mali yake. Mungu ampumzishe mahali pema.

Msiba ulipotawanyika Dobi alirudi kazini, kwa kuwa nguo za watu hazijui kufiwa. Kila asubuhi aliitazama simu pale msumarini, akasema, "Kesho." Hakuiogopa sauti. Aliogopa kuimaliza, kama mtu aliyebakiwa na asali ya kulamba mara moja tu. Basi aliichaji simu, akaifuta vumbi, akairudisha msumarini.

Siku moja simu ikaleta ujumbe: toleo jipya la programu limefika, je, ungependa kulipokea? Dobi, aliyelelewa kutomfukuza mgeni, akabonyeza ndiyo. Mkewe angekuwapo angesema, "Wewe hata mwizi akipiga hodi utamwitikia karibu."

Wiki ileile ndipo alipopata moyo. Alisali, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akagusa rekodi moja. Simu ikaandika: *Faili halisomeki.* Akagusa nyingine. *Faili halisomeki.* Akashuka orodha nzima, tarehe baada ya tarehe, na jibu likawa hilohilo. Akajaribu kunasa sauti yake mwenyewe, "Haloo, haloo," nayo ikasikika safi kabisa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Fundi simu wa mtaani aliipindua simu ile mkononi kama anayetazama meno ya mnyama mzee.

"Mzee, hii simu ingekuwa mtu, ingekuwa na vitukuu."

"Sikuja kuuliza umri wake. Sauti ziko wapi?"

"Zipo. Haziwezi kusomwa tu." Alijaribu kuzihamishia kwenye simu nyingine, zikagoma. Alijaribu kurudisha toleo la zamani, simu ikakataa. "Ni lile toleo jipya limezikataa. Nenda kawaambie waliolitengeneza."

"Kampuni gani?"

"Hakuna kampuni. Hii ni programu huria. Wanaitengeneza watu wa kujitolea, mmoja huku, mwingine kule, na yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoshonwa ndani."

"Kwa hiyo haina mwenyewe?"

"Inao wengi mno. Wana ukurasa wao mtandaoni, mtumiaji anaandika hitilafu yake pale, wanamsikiliza."

"Hata dobi?"

"Mzee, kwani nao wanajuana sura?"

Dobi alijiunga, akajiandikisha kwa jina la kazi yake. Lugha ya ukurasa ule ilikuwa ile ya shuleni, nayo kichwani mwake ilikuwa imeshika kutu, lakini alijikaza. Aliandika kama alivyofundishwa kuwaendea watu usiowajua. Aliwasalimu wote, akauliza hali za wazazi wao na watoto, akawashukuru kwa kazi yao, akaeleza kuwa amefiwa na mke, mwanamke mcha Mungu, na jinsi alivyougua. Akawaombea baraka. Mwishoni kabisa, kwa kuwa si adabu kutanguliza shida, akaongeza kwamba rekodi hazilii.

Akajibu mtu aliyejiita Bundi: "Karibu, na pole sana. Tafadhali tueleze: simu ya aina gani, toleo gani, ulifanya nini, ulitarajia nini, na nini kilitokea." Dobi alisoma "pole sana" akafarijika, yaliyofuata akayaona ni maneno ya mazoea tu. Hakujibu. Aliporudi tena, juu ya maandishi yake palikuwa na alama: *Imefungwa. Maelezo hayatoshi.*

"Nimefiwa," alimwambia shemeji yake, "nao wananifungia mlango!"

Shemeji huyu, mdogo wa marehemu, alikuwa mhudumu wa mapokezi katika zahanati, mwanamke wa sala nyingi na subira kidogo. Lugha ile aliijua vizuri. Alisoma, akaguna.

"Shemeji, umeandika hotuba ya mazishi."

"Niliwasalimu."

"Umesalimia mpaka umesahau ulichofuata. Wewe mtu akikuletea shati bila kijikaratasi, bila jina, bila kusema doa liko wapi, unalifanyaje?"

Dobi alitazama kapu lililokuwa chini ya meza, lenye nguo zisizo na wenyewe.

"Naliweka pale. Simtupii mtu shati lake."

"Basi nawe hujatupwa. Uko kapuni. Rudi na kijikaratasi."

Hapo wakaelewana. Akaandika upya, safari hii kama kijikaratasi kinachobanwa kwa pini kwenye kola. Aina ya simu. Toleo. Nilichofanya: nilipokea toleo jipya, kisha nikafungua rekodi ya zamani. Kilichotokea: faili halisomeki. Kwenye *ulitarajia nini* alikaa muda mrefu, pasi ikipoa pembeni. Mwishowe akaandika: *Nilitarajia kumsikia mke wangu.*

Bundi akafungua shauri upya siku hiyohiyo. Wakaja na wengine, watumiaji wa kawaida kama yeye. Mmoja alikuwa amepoteza kilio cha kwanza cha mwanawe. Mwingine, karani wa mikutano, alikuwa amepoteza mikutano na akakiri kwamba haimsikitishi sana. Lakini wote walikuwa wameshatupa simu zao za zamani pamoja na vilivyokuwa ndani. Bundi akaandika: "Kwenye simu zetu hitilafu haionekani. Tunahitaji faili moja linalogoma. Dobi, wewe peke yako ndiye uliye nalo. Ukiliweka hapa ukurasani, yeyote anayejua anaweza kulifanyia kazi. Ukinitumia mimi faraghani ni sawa pia, lakini nitakuwa peke yangu, nami nina ajira na mtoto mchanga. Itachukua muda. Uamuzi ni wako."

Dobi alimweleza shemeji. Shemeji akasimama.

"Sauti ya dada yangu uianike barabarani?"

"Shemeji, mimi kazi yangu ni kuanika."

"Usinitanie! Wewe mwenyewe hujaisikia, iwe wasioijua ndio watangulie? Na alivyokuwa na ulimi ule! Unajua alisema nini humo?"

Hapo palikuwa pagumu. Hakujua. Rekodi zilikuwa na tarehe tu, bila majina. Inaweza kuwa ile aliyosema suruali ya mwenye duka la jirani ingetosha kuwa pazia. Inaweza kuwa siku aliyokuwa ameanza kuumwa, akisitasita kati ya neno na neno. Dobi alitakiwa achague akiwa gizani, atoe kitu cha mkewe bila kujua ni kipi.

"Nisipotoa moja," akasema polepole, "nazikosa zote."

Shemeji alikaa chini, akavuta kopo la vifungo mapajani, akawa anavichambua bila kuviona. "Nami naitaka," akasema. "Usidhani wewe peke yako ndiye unayeitaka. Nikipita dirishani hapo hugeuza kichwa bado. Nasubiri aniite kwa lile jina la utotoni." Akafuta macho kwa mkono wa blauzi. "Basi tuombe kwanza. Halafu chagua iliyo fupi kuliko zote. Ikiwa ni aibu, iwe aibu fupi."

Waliomba. Dobi akachagua iliyo fupi kuliko zote, akaiweka ukurasani.

Siku zilizofuata aliunguza kola ya mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Kila akitua pasi aliikimbilia simu. Hatimaye mtu asiyemjua, aliyejiita Kijiko, akaandika kwamba ameona tatizo. Kwenye simu zile, toleo la zamani likimaliza kunasa sauti, lilibandika utambulisho wake mkiani mwa faili. Toleo jipya huubandika na kuutafuta kichwani. Lisipoukuta, haliendelei kutazama. Sauti yenyewe haikuguswa hata kidogo. Dobi alisoma mara mbili. Miaka yote hiyo amefanya kazi na nguo, na kama angekuwa akitafuta kijikaratasi kwenye kola tu, angepoteza kila suruali ambayo kijikaratasi chake hubanwa kiunoni.

Chini yake Bundi alikuwa ameongeza: "Nimeisikiliza. Sielewi lugha. Kuna mwanamke anazungumza, kisha mwanamume kwa mbali anauliza kitu, mwanamke anajibu, anacheka. Ana kicheko kizuri. Huyo mwanamume ni wewe?"

Dobi aliweka simu chini, akatoka nje, akasimama kwenye kamba kati ya mashuka yaliyolowa mpaka mabega yake yakalowa pia. Mtu asiyelijua hata neno moja la mkewe, sijui amekaa wapi duniani, alikuwa amekisikia kicheko kile, na yeye aliyeishi nacho alikuwa bado hajakisikia. Aliona wivu kama kijana. Kisha akajiuliza ni lini alipokisikia kwa mara ya mwisho, na hakukumbuka. Hakuna mtu huweka alama kwenye mara ya mwisho. Huipita tu kama mara nyingine zote.

Toleo la majaribio likawa tayari, na kwa kuwa simu ya namna ile ilikuwa kwake tu, Bundi akamwomba awe wa kwanza kulijaribu. "Lakini kwanza toa nakala ya kila kitu," alisisitiza, "tusije tukaponya jino kwa kung'oa taya." Fundi simu akatoa nakala, akaweka lile toleo, akakataa malipo. "Mimi ndiye niliyekutuma kule," akasema. "Acha nione kama nilikutuma kwa watu."

Shemeji alikuja na sare yake ya kazini. Dobi akamwachia kile kiti, yeye akasimama. Akagusa ile rekodi fupi.

Kwanza kilisikika kishindo cha pasi kutua mezani. Pasi yake. Kisha sauti, karibu kabisa, kama imeegemea bega:

"Mashuka mawili ya mama wa nyumba ya kona, moja lina doa la chai, na asiniambie tena ni la mvua..."

Kwa mbali, sauti ya mwanamume: "Unaongea na nani huko?"

"Na simu. Yenyewe angalau inanisikiliza."

Na kicheko. Kikaanza, kikapanda, kikakatwa katikati pale mkewe alipobonyeza kuzima.

Shemeji alijifunika uso kwa mikono miwili, akicheka na kulia pamoja. "Doa la mvua!" akasema. "Doa la mvua, jamani!" Dobi alirudia rekodi. Kila ilipofika *unaongea na nani huko*, alitamani yule mwanamume wa mbali aiache pasi, asogee dirishani. Ilikuwa hatua chache tu. Hakusogea. Alikuwa na mashati ya kunyoosha.

Jioni, ukurasa ulimsubiri. Akajaza kijikaratasi chake. *Nilichofanya: nimeweka toleo la majaribio, nikafungua rekodi ya zamani. Nilichotarajia: kumsikia mke wangu. Kilichotokea: nimemsikia.* Na kwa kuwa Bundi aliuliza, akaongeza: *Ndiyo, yule wa mbali ni mimi.*

Pongezi zikamiminika. Yule aliyepoteza kilio cha mwanawe akaandika kwamba kwake ni hasara, simu haipo tena, lakini amefurahi kuona yamemwendea vyema mmoja wao. Dobi akamwahidi kumtaja katika sala zake, na hakuwa anajaza maneno.

"Basi nafunga shauri hili," Bundi akaandika. "Limepona."

Dobi alijua sasa maana ya kufunga, wala hakuwa na kinyongo. Hata hivyo vidole vilimtangulia. Akauliza kama linaweza kuachwa wazi kidogo. Hakuna kilichobaki, alikiri, kila kitu kinasikika. Ni kwamba humu ndimo pekee, tangu azikwe, watu wamekuwa wakimzungumzia mkewe kila siku.

"Desturi yetu ni kufunga kitu kikishapona," Bundi aliandika. "Lakini mimi nina mtoto mchanga, na watu wenye watoto wachanga husahau mambo. Naweza kusahau hili mpaka Jumatatu."

Dobi aliirudisha simu msumarini. Jumatatu ikaja, ikapita. Mtu mpya akaingia ukurasani na salamu ndefu zisizo na mwisho, na Dobi ndiye aliyemjibu kwanza: karibu, na pole, tuambie simu ni ya aina gani. Juu yao lile shauri la rekodi bado lilikuwa wazi.

Bundi, Mungu ambariki, alikuwa amesahau.