Sentensi ya Nusu Sekunde

Mama yangu hasikii, na mimi nilitumia kidole kimoja kumnyang'anya sentensi ya mwisho ya mume wake.

Ngojeni niwape mkasa wote. Mkimaliza, nihukumuni mtakavyo.

Baba, mzee wetu, alipozidiwa, aliniambia niisimamishe simu mezani. "Nirekodi, halafu umwekee mama yako maandishi asome." Kisha akanitoa chumbani.

Homa iliziba masikio ya mama miaka ishirini iliyopita. Kuongea anaongea vizuri tu. Sisi watoto tukiwa na neno tunaandika kwenye daftari, naye anasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

Tulizika. Siku ya tatu nikafungua kompyuta, nikaanza kuweka maandishi chini ya video. Kila sentensi ya mzee niliipa sekunde sita, kasi ya mama kabisa.

Mpaka nilipofika dakika ya nne.

"Nyumba mpe binti yetu. Huyu wa kiume ataiuza kabla kaburi langu halijakauka."

Huyu wa kiume ni mimi.

Dada anaishi mbali, ana kwake, ana mume. Mimi ndiye niliyembeba mzee kwenda chooni miezi minane. Na ndiyo, nilikuwa nimeshaongea na dalali, lakini mzee alijuaje?

Kuifuta niliogopa, pengo lingeonekana. Nikaibana ile sentensi ikae nusu sekunde tu kwenye skrini. Zilizoitangulia nikazipunguzia muda kidogo kidogo ili isishtue. Akija mtu kuuliza, maneno yapo, kosa ni la mashine.

Mama akavaa miwani, akasogeza kiti. Mzee akatokea kwenye skrini.

Mwanzoni kidole chake kilifuata vizuri. Kisha maneno yakaanza kukimbia, kidole kikayumba, akakirudisha mapajani. Mimi huruma sikuwa nayo hata chembe. Nilikuwa nahesabu tu: bado mbili, bado moja.

Ikapita.

"Maandishi yamekimbia," mama akasema. "Hapo mwisho baba yako kasema nini?"

Nikavuta daftari, nikaandika: Amesema nyumba nibaki nayo mimi, nikutunze.

Akasoma. Akarudia kusoma. "Haya," akasema, akatoka kwenda kuanika nguo. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Jumapili dada akaja. Mama akatukalisha sebuleni, akanikazia macho mimi.

"Nyumba mpe binti yetu," akaanza. Akaimaliza sentensi ya mzee neno kwa neno, hata kaburi hakuliruka.

Nikashika kalamu, nikaandika: Nani kakusomea?

"Hakuna. Baba yako nimemsoma mdomoni miaka ishirini. Ninyi siwawezi, mnatafuna maneno. Yeye alikuwa anasema nami polepole, bila sauti. Maandishi aliyaomba akihofu kwenye skrini nisingemwona mdomo vizuri." Akavua miwani. "Nilikuuliza makusudi, mwanangu. Nilitaka nione mkono wako utaandika nini."

Nikafunga daftari.

Dada akatoa karatasi kwenye mkoba. "Kaka, mama alinitumia ujumbe siku ileile mlipoitazama video, kwamba baba kaniachia nyumba. Nikaandika hii nikasaini. Nina kwangu, nyumba nilikuachia wewe. Ulivyomjibu mama nimeambiwa leo, nilipofika."

Nikanyoosha mkono. Mama akawahi.

Aliichana vipande vinne bila haraka, akaviweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole kimoja kimoja kama mtoto anayepewa peremende.

"Kesho asubuhi nikute chumba chako kitupu."

Nilimwangalia dada anitetee. Dada alikuwa anafunga zipu ya mkoba.

Nimepanga chumba kimoja sasa. Mama nikimwandikia ujumbe anausoma, najua, maana simu inaonyesha. Hajajibu hata mmoja, na mwaka unaisha.

Nilichojifunza ni hiki. Anayesoma taratibu usimfanye mjinga, ana muda wa kukusoma na wewe. Na ukimtengenezea mtu wako video, yaache maneno yakae kwenye skrini mpaka amalize, hata kama yanakusema wewe.